Hadithi ya Inzi na Picha Yake Ilipotazamwa Buganguzi

Hofu ina milango miwili, sikio na jicho. Hofu iingiayo kwa sikio huja mikono mitupu. Msikilizaji ndiye aipaye kucha, meno na harufu, kila mtu kwa kadiri ya mambo yaliyompata maishani. Hofu iingiayo kwa jicho huja imekwisha kuvikwa. Mtazamaji hapewi kazi ila kuvumilia au kufumba macho. Kwa sababu hiyo wahakiki wamezoea kusema kwamba hadithi ya kutisha ikigeuzwa picha ya sinema hupoteza nusu ya nguvu zake, na kwamba picha ikizidisha damu hupoteza hata nusu iliyosalia. Kanuni hii ina ukweli mwingi, lakini si ukweli wote. Iko hadithi fupi moja na picha yake ambazo hubishana nayo, na ubishi huo ulidhihirika wazi jioni moja ya likizo, picha hiyo ilipotazamwa na watu wachache wa Buganguzi, katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera.

Hadithi yenyewe ni "The Fly", yaani Inzi. Mtungaji wake ni George Langelaan, Mwingereza aliyezaliwa Paris, na ilichapishwa mara ya kwanza katika jarida la Playboy la Marekani mwezi wa Juni 1957. Mwanasayansi André Delambre amebuni chombo cha kusafirisha vitu: kitu huvunjwavunjwa katika kibanda kimoja na kuundwa upya katika kibanda kingine. Siku moja aingia mwenyewe, na inzi yumo pamoja naye bila yeye kujua. Watokapo, viungo vyao vimebadilishana: mtu ana kichwa na mkono wa inzi, na mahali fulani nyumbani anaruka inzi mwenye kichwa cheupe. Mtoto wao alikuwa amekwisha kumkamata inzi huyo, na mama mwenyewe, kwa kutojua, akamwamuru amwachie. Hélène, mke wa mtu huyo, anamtafuta inzi asimpate. Mwisho mume anaomba kufa, na mke anatimiza ombi lake kwa nyundo ya mvuke ya kiwandani, ambayo inashuka mara mbili.

Lakini msomaji hapewi habari hizi kwa mfuatano huo. Hadithi inaanza kwa simu iliayo usiku. Msimulizi wake ni François, ndugu wa marehemu, ambaye hakuona lolote katika mambo yaliyotokea. Anaambiwa na shemeji yake kwamba amemuua mumewe. Anamzuru katika nyumba ya wenye wazimu. Na baadaye sana ndipo apewapo maandishi yenye siri yote. Hivyo msomaji husoma habari aliyoisoma mtu ambaye naye hakuwapo. Na hata ndani ya maandishi hayo kuna pazia jingine: André ameufunika uso wake kwa kitambaa, ameuficha mkono wake, na kwa kuwa hawezi kusema, huzungumza na mkewe kwa kubisha na kwa vikaratasi. Kitambaa kile kinaondoka mara moja tu, na maneno yanayoeleza kilichokuwa chini yake ni machache. Nguvu ya Langelaan imo katika subira hiyo. Msomaji amekaa na kitambaa muda mrefu, amekwisha kushona chini yake uso wake mwenyewe, na uso huo ndio umtishao.

Picha ya kwanza ya hadithi hii ilitolewa mwaka 1958 chini ya uongozi wa Kurt Neumann. Ilikiheshimu kitambaa, ilingoja kama hadithi ilivyongoja, kisha ikakifunua, na kichwa cha inzi kikaonekana. Hapo ndipo kanuni ya wahakiki ilipopata ushahidi wake, maana kilichoonekana kilikuwa kofia iliyotengenezwa kwa ustadi, na mtu akiizoea kofia hofu yake hupoa.

Mwaka 1986 David Cronenberg, mwongozaji wa Kanada, aliirudia hadithi hiyo kwa njia nyingine kabisa. Alikitupa kitambaa. Alimtupa pia msimulizi aliyekuwa mbali, na nyundo, na inzi mwenye kichwa cheupe. Mwanasayansi wake, Seth Brundle, anayechezwa na Jeff Goldblum, hatoki kibandani na kichwa cha mdudu. Anatoka mzima, tena ana nguvu kuliko zamani, anajisifu, anakula sukari kwa wingi, halali. Inzi amechanganyika naye katika mbegu za mwili, na mabadiliko yanakuja polepole, siku baada ya siku: vinyweleo vigumu mgongoni, madoa usoni, kucha zinazong'oka, meno yanayodondoka, ngozi inayovimba na kuchuruzika. Karibu naye yupo Veronica, mwandishi wa habari ampendaye, anayechezwa na Geena Davis. Chris Walas na Stephan Dupuis, waliotengeneza sura hizo za kuoza, walipewa Tuzo ya Oscar ya mapambo mwaka 1987, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hawakuistahili.

Je, damu hiyo yote ina kazi? Haki yataka ikubaliwe kwanza kwamba sehemu yake haina. Nyani anayetoka kibandani akiwa amegeuzwa nje ndani huonyeshwa kwa muda mrefu kupita mahitaji ya kisa, kwani kosa la chombo lingeweza kufahamika kwa kutupiwa jicho mara moja. Mlevi anayevunjwa mkono katika kilabu, mfupa ukachomoza, amewekwa pale ili watazamaji wapige kelele. Na karibu na mwisho, mtu mwingine anayeyushwa mkono na mguu kwa matapishi ya Brundle. Hapo picha inafanana na mchinjaji anayewaita wateja kwa kupiga kisu mezani. Katika mahali hapo patatu mwongozaji alikuwa akiuza, na mhakiki hana sababu ya kumtetea muuzaji.

Lakini mahali penginepo hali si hiyo, na hapo ndipo inapofaa kurejea Buganguzi.

Picha ililetwa na kijana aliyekuwa likizo kutoka chuoni. Ilionyeshwa katika chumba cha mbele cha nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni, watoto wakiwa wamekwisha kupelekwa kulala. Maneno ya picha yalikuwa ya Kiingereza, na mwalimu mmoja mstaafu alikaa karibu na televisheni ili kuyafasiri. Desturi hiyo ina mizizi Afrika Mashariki. Katika vibanda vya video vya Tanzania alipata sifa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye alisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza, akipunguza na akitania apendavyo. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, wako wasimulizi kama hao wanaotumia Kiganda, nao huitwa VJ. Mtu asiyezijua desturi hizi hudhani kwamba msimulizi ni mkalimani tu. Sivyo. Yeye ni jicho lililokubaliwa na watu wote chumbani.

Kwa Wahaya jambo hili si geni lililoletwa na video. Ngano za Kihaya hufunguliwa kwa mapatano: msimulizi hutangaza kwamba alikuja akaona, na wasikilizaji humwitikia kwa kumtaka aone, ili nao waone. Peter Seitel, aliyekusanya ngano hizo na kuzichunguza, alikipa kitabu chake cha mwaka 1980 jina linalotokana na itikio hilo. Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Wasikilizaji hawamwambii msimulizi awaonyeshe. Wanamwambia aone yeye kwanza. Wanajua kwamba kitu hakionekani vivi hivi, bali huonekana kwa jicho la fulani, na likiwa jicho hilo ni bovu, wote watakuwa vipofu pamoja naye.

Mwalimu alianza kwa mzaha, kama wasimulizi wafanyavyo. Brundle alipokuwa akiruka sarakasi, alimlinganisha na mtu aliyekunywa rubisi kabla ya kula. Vijana walicheka. Kucha ya kwanza ilipong'oka walicheka tena, ingawa kwa sauti ya chini. Kisha likaja tukio ambalo ndilo moyo wa picha hii. Veronica anarudi kumtazama mgonjwa baada ya kukaa mbali naye kwa muda. Anamkuta anatembea kwa mikongojo, uso umeharibika. Wanazungumza, na katikati ya mazungumzo sikio la Brundle linabanduka na kubaki mkononi mwake. Anatahayari kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni; anaomba msaada. Na Veronica, badala ya kukimbia, anamkumbatia, akiliweka shavu lake palepale pasipo na sikio.

Mwalimu akanyamaza. Hakufasiri neno, na hakuna aliyemwomba afasiri. Kijana mmoja alicheka peke yake, akaona haya, akaacha. Bibi mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa nyuma kwenye mkeka, alisema kwa Kihaya neno moja tu, ambalo kwa Kiswahili ni: "Amemshika."

Ili neno hilo lifahamike, sharti mambo ya Kagera yakumbukwe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huo mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za fahari zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa ulionekana kuja kwa njia ileile ya nguo hizo. Kufikia mwaka 1987, uchunguzi uliofanywa mjini Bukoba ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na virusi. Dawa za kuvizuia hazikuwapo. Tanzania ilianza kuzitoa bila malipo mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili, 1983 na 2004, watu wa vijiji vya Muleba walikaa karibu na miili iliyokuwa ikibadilika siku baada ya siku, wakaviona vidonda, nywele zikinyonyoka, ngozi ikishika mifupa. Waliwafunika wagonjwa wao kwa shuka, na maradhi yenyewe wakayafunika kwa majina mengine: kifua, homa, kurogwa. Kitambaa cha Langelaan kilikuwa katika nyumba nyingi.

Hapana budi kutahadhari hapa. Cronenberg hakutunga picha ya UKIMWI. Wahakiki wengi wa Marekani na Ulaya waliisoma hivyo tangu ilipotoka, kwa kuwa ilitoka katika miaka ambayo gonjwa hilo lilikuwa likitisha miji yao. Lakini mwongozaji mwenyewe amesema kwamba alifikiria maradhi na uzee kwa jumla, yaani habari ya kila mwili. Basi si kazi ya uhakiki kuugeuza kila mguu wa inzi kuwa fumbo la virusi. Inatosha kusema kwamba picha ilimkuta mtazamaji aliyeandaliwa na maisha yake kuiona. Mtazamaji wa namna hiyo huona mambo ambayo wengine huyapita. Veronica ana mimba ya Brundle, naye anaota kwamba anajifungua funza mkubwa. Vijana waliona kioja. Wanawake wa makamo waliokuwa chumbani waliinamisha vichwa. Hofu ya mama kwamba amembeba mtoto pamoja na ugonjwa wa baba yake haikuhitaji mfasiri Buganguzi.

Picha ilipokwisha mabishano yalianza, na ndani yake lilitoka pingamizi kubwa kuliko yote yaliyoandikwa na wahakiki. Mkulima mmoja alisema kwamba picha hii ni tusi. "Mgonjwa si mdudu," alisema. Alieleza kwamba watu wakifundishwa kumwona anayeoza kama inzi, mwisho watamtendea kama inzi: watamfukuza, watamwogopa, watamponda. Neno hilo si la kupuuzwa. Brundle anabadilika ngozi, lakini anabadilika pia tabia. Anamwonya Veronica aondoke, kwa kuwa akibaki atamdhuru, na kweli baadaye anataka kumdhuru. Kwa mantiki ya kisa, hofu ya jirani ni hofu ya haki. Huko nje ya kisa, hofu hiyohiyo iliwanyima wagonjwa kikombe cha maji.

Bibi alimjibu bila kupandisha sauti. "Wewe ulikuwa mdogo, mwanangu," alisema. "Waliosimama mlangoni waliona mdudu. Aliyekaa kitandani aliona mtu."

Ukiichunguza picha kwa mwanga wa jibu hilo, utaona kwamba ushahidi wake umo ndani ya picha yenyewe. Veronica ni mwandishi wa habari, naye ana kamera. Anapiga picha za Brundle tangu siku za majaribio, na anaendelea hata mgonjwa anapoonyesha jinsi anavyokula: hutapika juu ya chakula kikayeyuka, kisha akakinyonya. Ukanda huo baadaye unatazamwa na Stathis, mhariri wa Veronica, ambaye haupendi kabisa uso ulio mbele yake na hawezi kuvumilia. Basi katika picha hii moja kuna watazamaji wawili wa uozo uleule. Mmoja aliushuhudia akiwa chumbani, akiijua sauti ya mtu huyo na mizaha yake. Mwingine aliuona kwenye kioo. Wa kwanza analia, wa pili anachefukwa. Cronenberg amemweka mtazamaji wa sinema kati ya hao wawili, na kwa dakika tisini na kitu anamsogeza kutoka kiti cha Stathis kwenda kiti cha Veronica. Damu ndiyo njia ya safari hiyo. Kama angeuficha mwili, asingeweza kupima kama upendo unaweza kuufikia.

Hapa ndipo hadithi na picha zinapoachana, na hapa ndipo hukumu inapopatikana. Langelaan ametunga fumbo. Wasiwasi wake ni nini kilicho chini ya kitambaa. Fumbo hilo ni zuri sana, na kwa ufundi wa kupanga habari, hadithi inaishinda picha. Lakini chunguza namna inavyomalizika. Hélène, aliyetenda jambo zito kwa ajili ya mumewe, anakufa kwa sumu katika nyumba ya wenye wazimu. Afisa wa polisi anayasoma maandishi yake, kisha anayatia motoni, na neno linalobaki kwa ulimwengu ni kwamba alikuwa kichaa. Kitambaa kimerudishwa, safari hii juu ya uso wa mke. Mtungaji alijua ukatili wa jambo hilo, lakini msomaji amebaki mlangoni pamoja na François. Hajawahi kukaa kitandani.

Picha ya Cronenberg haina fumbo. Tangu mapema mtazamaji anajua kinachotokea na anajua kwamba hakuna dawa. Kinachobaki ni kukaa. Mwisho Brundle, ambaye sasa hana sura ya mtu na amechanganyika hata na vyuma vya chombo chake, anajikokota sakafuni, anaushika mtutu wa bunduki na kuuelekeza kichwani pake. Hana mdomo wa kusema. Veronica anakataa, anashusha silaha, kisha anafyatua akilia, na picha inakatika papo hapo bila faraja wala maelezo. Inaweza kulalamikiwa kwamba kiumbe kile cha mwisho ni sanamu mno, na kwamba macho hushughulika na ufundi wake wakati moyo ulipotakiwa kushughulika na uamuzi wa mwanamke. Lalamiko hilo ni la haki. Hata hivyo mkono ule unaoushika mtutu unaeleweka kuwa mkono wa Seth, na unaeleweka hivyo kwa sababu mtazamaji alikuwapo tangu kucha ya kwanza ilipong'oka. Aliyeingia chumbani dakika tano za mwisho ataona zimwi tu.

Liko jambo moja ambalo picha haikuweza kulijua, nalo watu wa Buganguzi wanalijua. Katika dunia ya Brundle huruma ya mwisho ni risasi. Mwaka 1986 mwisho huo ulifanana na ukweli, kwa kuwa mkononi mwa aliyeuguza hapakuwa na kitu ila maji na kitambaa cha kupangusia. Leo wako watu wanaomeza vidonge kila siku, wanalima mibuni yao na kuwazika waliodhani kwamba watawazika wao. Kwa hiyo mwisho wa picha usichukuliwe kuwa sheria ya maradhi. Ni mwisho wa kisa kimoja. Kinachodumu ndani yake ni kule kukaa.

Basi kanuni ya wahakiki yahitaji kurekebishwa. Picha ya damu haihukumiwi kwa wingi wa damu yake, kama ngano haihukumiwi kwa idadi ya mazimwi. Huhukumiwa kwa jicho linaloitazama damu hiyo: kama ni la mpita njia aliyesimama mlangoni, au la muuguzi ambaye ameuona mwili huo ukiwa mzima, na anaujua kwa jina. Nyani, mlevi na yule aliyeyeyushwa hawana wa kuwauguza ndani ya kisa, na ndiyo sababu damu yao ni bure. Brundle anaye, na damu yake si bure.

Usiku ule, televisheni ilipozimwa, kijana mwenye picha alimwuliza bibi kama wamwonyeshe nyingine kesho. Bibi aliuliza kama katika hiyo nyingine yumo mtu wa kumshika mgonjwa. Kijana alifikiri kidogo, akasema hayumo. "Hiyo tazameni wenyewe, mjukuu wangu," bibi akasema, akajitanda khanga yake, akaenda kulala.